Mashine Inayokoroma

Mwandishi wa zamani alihitaji kalamu, karatasi na utulivu. Mwandishi wa leo, hasa sisi wa vyumba vya kupanga, anahitaji na kitu cha nne: kujua prosesa ya kompyuta yake ina digrii ngapi. Najua wapo watakaoguna. Watasema haya ni majarida ya hadithi na mashairi, mambo ya volti na wati yapelekwe kwa mafundi huko Kariakoo. Haya, gunene, lakini msifunge ukurasa. Riwaya yangu imefika ukurasa wa 212, na kila neno lake limepita katika kipande cha silikoni kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Kipande hicho kikichemka, mimi siandiki. Na mimi nisipoandika, basi nimemaliza kidato cha nne ili niwe mtoa fotokopi maisha yangu yote.

Nikueleze kwanza mazingira, ndugu msomaji. Tunakaa Mbagala, mimi na bi mkubwa, chumba kimoja na kijisebule kilichotenganishwa kwa pazia. Juu ni mabati, dari hakuna. Kompyuta ni ya mezani, ya kuunganishwa-unganishwa, prosesa yake ni Intel Core i5-4570 ya mwaka 2013. Kwa wenye nazo huo ni uchakavu, kwangu mimi ni ndege. Ilinunuliwa kwa zamu ya Mama ya upatu, shilingi laki tatu na nusu, fedha ambayo ilikuwa iende kwenye jiko jipya la vitumbua. Hiyo habari ya jiko Mama hajawahi kuitaja hata siku moja. Ndiyo maana inaniuma zaidi.

Mchana niko steshenari ya watu. Naandika usiku, kuanzia saa tatu hadi saa saba, maana ndipo mtaa unaponyamaza. Mama naye anaamka saa kumi alfajiri kukoroga unga. Sasa fikiria: katika hayo masaa machache aliyonayo ya kulala, nyuma ya pazia kuna feni inayovuma kama jenereta la kwenye harusi. Alivumilia mwezi, alivumilia miwili. Siku moja akaniambia, kwa upole kabisa, bila kuninunia:

"Mwanangu, marehemu baba yako alikuwa anakoroma, lakini nilikuwa namgeuza ubavu ananyamaza. Hilo lidude lako nalo litafutie ubavu wa kuligeuzia. Likishindikana, uwe unaandikia barazani."

Barazani Mbagala, usiku, na kompyuta! Hiyo ilikuwa sawa na kuambiwa riwaya basi.

Nikaenda kwa fundi wa kwanza, mjini. Hakufungua hata skrubu moja. Akasema prosesa imechoka, umeme wa huku kwetu ni mkali ndio unaoziunguza, nilete laki moja anibadilishie. Laki moja sikuwa nayo, na kwa kweli lile neno "imechoka" halikuniingia akilini. Mtu huchoka, kiatu huchoka. Kitu kisicho na sehemu hata moja inayozunguka kinachokaje? Nikarudi nyumbani, nikaanza kusoma.

Kwanza hilo la umeme wa ukutani. Soketi zetu zina volti 230, lakini volti hizo hazimfikii prosesa hata kidogo. Zinaingia kwenye pawa saplai, lile boksi la chuma lenye feni yake kule nyuma, nalo linazishusha hadi 12, 5 na 3.3. Kisha mazabodi na prosesa yenyewe wanazishusha tena, hadi kufikia volti moja na ushee. Umeme ukipanda ghafla au ukikatika na kurudi kwa kishindo, wa kwanza kupata cha moto ni pawa saplai, na pamoja naye faili ulilokuwa hujalihifadhi. Kwa hiyo stabilaiza na UPS ni vitu vizuri, ukiwa na uwezo nunua. Lakini ukinunua UPS ukidhani itashusha joto la prosesa, umenunua mwavuli wa kujikinga na njaa.

Hiyo volti moja na ushee isikufanye uidharau. Prosesa yangu imeandikiwa wati 84. Gawanya wati 84 kwa volti 1.1 upate ampea: ni zaidi ya 70. Plagi ya ukutani fyuzi yake ni ampea 13. Ampea 70 na kitu, ndani ya ukucha wa kidole gumba wenye transista bilioni 1.4! Niliposoma hivyo niliitazama ile mashine kwa adabu mpya.

Na sasa nisikilize hapa, maana ndipo penye siri yote. Joto la prosesa linatokana na vitu viwili: mwendo, yaani inapiga mapigo mangapi kwa sekunde, na volti, yaani msukumo unaoendesha mapigo hayo. Mwendo ukiongezeka, joto linaongezeka kwa kadiri ileile. Lakini volti haina uungwana huo. Volti inajizidisha yenyewe kwa yenyewe. Ukiipunguza kwa sehemu moja ya kumi, unabaki na 0.9 mara 0.9, yaani 0.81. Umeondoa karibu sehemu moja ya tano ya joto linalotokana na kazi, na mwendo hujaugusa. Ukiipandisha kwa sehemu hiyohiyo moja ya kumi, unapata 1.21. Sasa jambo la kukera ni kwamba viwili hivi vinashikana mikono: ukitaka mwendo wa juu kabisa, prosesa inadai volti zaidi ili isikosee hesabu. Ndiyo maana kipande cha mwisho cha mwendo ndicho kilicho ghali kuliko vyote. Ni kama daladala: kutoka mwendo wa kawaida kwenda mwendo wa kuwahi abiria wa mwenzio, mafuta yanayoteketea hayalingani na dakika unazookoa.

Wakubwa wenyewe walishagonga ukuta huo. Mwaka 1993 prosesa za kwanza za Pentium zilikuwa na mwendo wa megahezi 60 na 66, zikila volti 5. Kwa miaka kumi mwendo ukapanda, ukapanda, hadi Pentium 4 za mwaka 2004 zikafika gigahezi 3.8 na wati 115. Intel walikuwa wameahidi gigahezi 4. Oktoba 2004 wakaifuta ahadi, na mkuu wao wa wakati ule, Craig Barrett, akapiga magoti jukwaani mbele ya hadhira akiomba msamaha, nusu utani nusu kweli. Baada ya hapo ndipo ulimwengu ukageukia prosesa zenye viini viwili, vinne na zaidi, badala ya kiini kimoja kinachokimbizwa hadi kiungue. Mimi nikiwa mtunzi napenda sana hiyo picha: mzee mzima, bosi wa kampuni kubwa, magotini kwa ajili ya joto.

Turudi Mbagala. Nikapakua programu ya bure iitwayo Core Temp, inayoonyesha digrii za kila kiini. Nikaandika ukurasa mmoja tu, huku nikiiangalia. Digrii 88. Nikafungua video, ikagonga 100. Hapo kwenye 100 ndipo prosesa ya aina yangu inapojipunguzia mwendo yenyewe ili isife. Wengi husema "kompyuta yangu siku hizi nzito" wakaishia kuipiga Windows upya, kumbe mashine inahema tu.

Digrii 88 kwa kuandika peke yake si jambo la kawaida. Prosesa inayosubiri herufi zangu ni prosesa iliyolala. Chukua hesabu: inapiga mapigo bilioni 3.2 kwa sekunde, mimi nikijitahidi nabonyeza herufi nne kwa sekunde. Kati ya "m" na "a" ya neno "mama" kuna mapigo milioni 800 yasiyo na kazi. Kwa hiyo ama kuna kitu kingine kinaitumikisha, ama joto halitoki. Nikakuta yote mawili. Programu ya kukinga virusi ilikuwa imejipangia kukagua diski nzima kila usiku saa nne, saa yangu ya kuandika. Nikaihamishia jioni, saa ambayo Mama anatazama tamthilia. Hilo la joto kutotoka likanipeleka kwa fundi wa pili.

Huyu ni mzee mmoja ana kibanda pale Rangi Tatu, anatengeneza redio, pasi, chochote. "Shikamoo fundi." "Marahaba kijana, weka hapo." Akafungua, akachungulia na tochi, akacheka. Juu ya prosesa hukaa hitisinki, pande la alumini lenye mapezi mengi, na juu yake feni. Hitisinki za Intel za aina yangu zinashikiliwa na pini nne za plastiki zinazobanwa kwenye mazabodi. Moja ilikuwa imevunjika. Pande zima limeinama upande kama kofia ya mlevi, haligusi sawasawa. Na ile pesti ya kijivu inayotakiwa kuziba nafasi kati ya prosesa na hitisinki ilikuwa imekauka ikawa unga. Katikati ya mapezi, vumbi limesokotana hadi limekuwa sufi.

Akapuliza kwa bloa. Angalia alivyofanya, maana wengi hawafanyi: aliishika feni kwa kidole kwanza, isizungushwe na upepo kupita kiasi chake. Akafuta pesti ya zamani kwa spiriti hadi chuma kikang'aa, akaweka mpya kiasi cha punje ya harage dogo, akabana pini mpya kwa mtindo wa msalaba, kona hii kisha ya mkabala. Nikamuuliza kuhusu wale wanaopaka dawa ya meno. Akasema inafanya kazi kweli, siku chache, kisha inakauka na unarudi kwake, na yeye hakatai wateja. Jumla ikawa elfu kumi na tano.

Usiku ule: digrii 52 nikiandika, 79 kwenye kazi nzito. Chumba chenyewe kilikuwa na 31. Hapo uelewe pia kwamba feni haitengenezi baridi, inapeleka tu hewa ya chumbani. Chumba kikipanda digrii 5, prosesa nayo inapanda karibu hizohizo 5. Prosesa ya Dar ya mwezi Februari haiwezi kuwa na namba za prosesa ya mtu wa Ulaya aliyeandika kwamba "ukizidi 70 una matatizo". Usitishike. Tafuta kikomo cha prosesa yako kama mtengenezaji alivyokiandika, kisha jitahidi kazi nzito iishie digrii 15 au 20 chini yake.

Feni ilikuwa imepungua kelele, lakini kila dakika chache ilikuwa inashtuka, "vuuu", kisha inatulia. Huo mshtuko ndio unaomwamsha mtu. Chanzo ni ule mwendo wa ziada: prosesa yangu kawaida yake ni gigahezi 3.2, lakini ikiona kazi kidogo tu inajirusha hadi 3.6, na volti juu. Dawa yake haikuhitaji hata kuingia kwenye BIOS. Katika Windows kuna mipangilio ya matumizi ya umeme. Ukienda kwenye ile ya kina, sehemu ya prosesa, pana kiwango cha juu cha prosesa kimewekwa asilimia 100. Nikaandika 99. Hiyo moja tu. Kwa prosesa kama yangu, 99 maana yake ni "usijirushe". Ikabaki 3.2 na volti zake za chini. Kazi nzito ikashuka hadi 68, kuandika 47, na ule mshtuko ukaisha. Ukitaka kuondoa, unarudisha 100, hakuna kilichoharibika. Ndiyo sababu hatua hii naipenda kuliko zote: haina namna ya kuunguza kitu.

Asubuhi Mama akaniuliza kama jana sikuandika.

Volti zenyewe, zile za kuandika namba kwenye BIOS, mimi sikuzigusa. Lakini nina mshikaji ana studio ya video za harusi huko Sinza, mashine yake ni Ryzen 7 5800X, na yeye alitaka mambo makubwa. Aliangalia video moja, akaweka volti 1.45 ya kudumu ili mwendo upande. Volti ya kudumu ni kitu kibaya kuliko inavyosikika, maana prosesa ikiachiwa yenyewe hupandisha na kushusha volti mara nyingi ndani ya sekunde moja. Ukiifunga, inakaa juu hata ukiwa umekwenda kunywa chai. Digrii zikaganda kwenye 90, ndicho kikomo cha prosesa ile. Nikamshawishi arudishe kila kitu kwenye hali ya kujiendesha, kisha awashe kile wanachokiita Eco Mode. Kwa kawaida prosesa ile inaruhusiwa kula hadi wati 142. Kwenye Eco Mode ya 65 inafungwa kwenye wati 88. Video yake ya harusi iliyokuwa ikichukua dakika 25 kutoka ikawa inachukua 27. Dakika mbili! Kwa hizo dakika mbili alikuwa anachoma wati 54 na kuwatoa jasho maharusi waliokuja kuchagua picha.

Halafu, kwa kuwa hatulii, akajaribu kushusha volti kwa ile njia iitwayo Curve Optimizer, akaipeleka moja kwa moja hadi hasi 30 kwenye viini vyote. Kazi nzito ikapita vizuri, akashangilia. Usiku wake mashine ikawa inajizima na kuwaka ikiwa imekaa kimya, hakuna kinachofanyika. Ndiyo tabia ya volti iliyopungua mno: mara nyingi inakuangusha kwenye utulivu, pale kiini kimoja kinaporuka ghafla juu, na si kwenye kazi. Akarudi hasi 10, akakaa siku kadhaa, hakuna neno. Kushusha mno kunakuletea mashine inayozimika na faili linaloweza kuharibika, lakini ukirudisha namba, chuma kiko salama. Kupandisha mno hakurudishwi. Volti kubwa na joto vikikaa pamoja muda mrefu vinakula njia za ndani za prosesa pole pole, bila moshi wala harufu, hadi siku inashindwa kufanya hesabu kwa volti ilizokuwa inazitosha zamani.

Na msidhani ni wazembe tu wanaopatwa. Mwaka 2024 Intel wenyewe walikiri kwamba prosesa zao za mezani za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zinaomba volti kubwa kupita kiasi kutokana na kasoro katika maelekezo yake ya ndani. Watu hawakugusa kitu, wakaona programu zinaanguka tu. Marekebisho yakaanza kutoka Agosti 2024 kupitia BIOS mpya, na dhamana ikaongezwa miaka miwili. Lakini marekebisho yanazuia tu, hayaponyi iliyokwisha kuumia. Kwa hiyo, mwenzangu, ukiuziwa mtumba wa kizazi hicho kwa bei ya kutupa, uliza kwanza BIOS yake ni ya lini.

Kikwazo changu cha mwisho hakikuwa cha kiufundi. Mama alikuwa amefuma kitambaa cheupe chenye maua mekundu, akaifunika kompyuta juu hadi nyuma, kwa mapenzi na kwa ajili ya vumbi. Kilikuwa kinaziba matundu yote ya kutolea hewa. Nilikipima: digrii 6 zilikuwa za kitambaa peke yake. Sasa utamwambiaje mama yako, ambaye jiko lake liligeuka kuwa prosesa, kwamba kitambaa chake kinachemsha? Nilimwita tu akae, nikamwonyesha namba kikiwa juu, nikakitoa, tukasubiri pamoja kama robo saa. Akaziangalia zikishuka moja moja. "Kumbe inahema kwa huku nyuma," akasema. Akakikunja, akazunguka chumbani nacho akitafuta pa kukiweka. Hatimaye akakilaza juu ya bahasha yenye kurasa zangu nilizochapa steshenari, akakinyoosha pembe zote nne, akaenda kuroweka mchele.